Kahawa ya Elgon: Kizuri Hakijiuzi Bila Jina

Waswahili husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumewafunza wanafunzi wetu tangu shule ya msingi, nao wameikariri na kuipamba katika insha zao bila kuihoji. Hata hivyo, yuko Mkenya mmoja aliye na haki ya kuitilia shaka, naye ni mkulima wa kahawa anayeishi katika miteremko ya Mlima Elgon, kwenye Kaunti ya Bungoma. Kahawa yake ni nzuri, na waonjaji wanaolipwa kwa kazi hiyo wanakiri hivyo. Lakini kwa miaka mingi uzuri huo haukujiuza, na pale ulipouzwa, aghalabu uliuzwa kwa jina la mwingine.

Katika miaka ya karibuni, wakaangaji wadogo wa kahawa mjini Nairobi na nchi za ng'ambo wameanza kuuza pakiti zilizoandikwa jina la Elgon. Huwaambia wateja wao kwamba wamegundua kahawa mpya, tamu, inayotoka kwa wakulima wadogo walioungana katika vyama vya ushirika. Habari hizo zanifurahisha. Lakini mimi ni mwalimu wa isimu, na masikio yangu hukwama kwenye kitenzi. Kugundua ni kukiona kilichokuwa kimefichika. Je, kahawa hiyo ilifichika kwa nani? Mkulima aliyeipalilia alijua ilipo. Mkewe aliyeichuma alijua. Karani wa kiwanda aliyeipima aliandika uzito wake kitabuni. Basi ni nani aliyeificha, na aliificha kwa njia gani? Swali hilo ndilo ninalotaka tulichambue leo, kwani jibu lake linahusu jina, na jina, msomaji mpendwa, ni mali.

Tuanze na mlima wenyewe. Elgon una urefu wa mita 4,321, na mpaka wa Kenya na Uganda umeupasua vipande viwili. Waliouchora mpaka huo hawakuuliza watu wa huko wanasema lugha gani. Kibukusu cha Bungoma na Kimasaba cha Mbale vinakaribiana mno, kiasi kwamba wanaisimu huviweka katika kundi dogo moja. Vivyo hivyo, Msabaoti wa Cheptais akivuka kwenda Kapchorwa huelewana na Msebei bila mkalimani. Kahawa nayo ni ile ile. Pande zote mbili hustawisha arabika, kwenye udongo wa volkano, katika mashamba madogo ambamo mibuni hupandwa pamoja na migomba na maharagwe. Licha ya hayo, wanunuzi wa dunia wanaijua kahawa ya upande wa Uganda kwa jina la Bugisu tangu enzi za ukoloni, ilhali wachache mno ndio walioisikia kahawa ya upande wetu.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda ni ya aina ya robasta. Kwa hiyo arabika ya Bugisu ilionekana tangu mwanzo kuwa kitu cha pekee. Fauka ya hayo, wakulima wa huko walianzisha muungano wao, Bugisu Cooperative Union, mnamo mwaka 1954, na muungano huo ukaipeleka kahawa sokoni ikiwa na jina la nyumbani kwake. Huku kwetu karibu kahawa yote ni arabika, na mashamba yaliyo karibu na Nairobi ndiyo yaliyotangulia kusikika. Mnunuzi akitaja kahawa bora ya Kenya, akili yake huenda Nyeri, Kirinyaga, Murang'a au Kiambu. Elgon ulibaki pembeni, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwenye soko la mnada, kama mtoto wa mwisho katika nyumba yenye watoto wengi.

Sababu ya pili ni namna kahawa inavyosafiri. Hebu tulifuate gunia moja. Mkulima huchuma matunda mekundu, akayapeleka siku hiyo hiyo kwenye kiwanda cha chama chake. Huko humenywa, huchachushwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya meza mpaka yakauke. Kufikia hapo kahawa ingali na jina: nambari ya mwanachama imo kitabuni na kiwanda kinajulikana. Kisha hupakiwa kwenye lori na kupelekwa kinuni, ambako hukobolewa ganda na kupangwa kwa madaraja, ndipo iende mnadani. Orodha ya mnada wa Nairobi hutaja kiwanda ilikotoka kila shehena, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini kontena moja la kusafirishia hubeba takriban tani 19. Shehena ndogo kutoka Elgon haliwezi kulijaza, hivyo msafirishaji huichanganya na nyingine nyingi. Linapofika Mombasa, kontena hilo lina jina la nchi na herufi mbili tu.

Herufi hizo, AA au AB, zinastahili kuelezwa, maana wengi hudhani ni alama za ubora kama zile za mitihani. Punje ya daraja la AA ni ile iliyobaki juu ya chekeche lenye matundu ya takriban milimita 7. Herufi zimepima ukubwa wa punje, basi. Hazisemi lolote kuhusu mlima, mvua, wala mtu aliyeamka alfajiri kuichuma. Hata neno letu wenyewe limepatwa na mkasa. Katika kamusi, mbuni ni mti wa kahawa, mama wa yote. Lakini ukilitaja neno hilo katika kiwanda cha kahawa hapa Kenya, utaeleweka kuwa unazungumzia matunda yaliyokaushwa bila kumenywa wala kuoshwa, ambayo ndiyo hulipwa bei ya chini kabisa. Mwenye soko ndiye mwenye kamusi.

Miaka michache iliyopita nilikwenda upande wa Cheptais pamoja na wanafunzi wangu wa uzamili kukusanya msamiati wa kilimo. Mzee aliyetupokea alituandalia chai ya maziwa. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa adabu kama tungeweza kuonja kahawa ya shambani pale. Mzee alicheka. "Mwanangu, kahawa ni ya kuuza. Hapa tunakunywa chai." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni mtu wa maneno. Ndizi zangu zikifika sokoni huitwa ndizi za Cheptais. Kahawa yangu ikishapita Bungoma, inaitwa nani?" Nikamjibu, "Huitwa AA, mzee, ikiwa na bahati." Akafikiri kidogo. "Hilo si jina la betri?" Tulicheka sote, lakini msamiati tuliokusanya siku ile haukuwa na neno zito kuliko hilo.

Historia ya mlima huu imewahi kutuonyesha waziwazi jinsi kahawa inavyoweza kubadilishwa uraia. Mnamo Julai 1975 baridi kali iliua mibuni mingi nchini Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi ikafikia kilele mwaka 1977. Uganda wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin. Mkulima wa huko alilipwa fedha kidogo, tena kwa kuchelewa, na kwa sarafu iliyokuwa ikipoteza thamani kila kukicha. Kahawa ikaanza kuvuka mpaka usiku, na jina la soko la Chepkube likavuma kote nchini. Watu walitajirika kwa magendo hayo. Gunia lililolala Uganda liliamka Kenya, likauzwa kwa bei ya Kenya, na likahesabiwa kuwa fahari ya Kenya. Aliyeipanda hakutajwa popote.

Leo upepo umegeuka. Malalamiko yamesikika Bungoma na Trans Nzoia kwamba wafanyabiashara huja na fedha taslimu, wakanunua matunda shambani na kuyavusha kwenda Uganda. Viongozi wa ushirika hukasirika, na wana sababu, kwani chama kisichopata kahawa hakiwezi kulipa madeni yake. Lakini mkulima anayesubiri malipo kwa miezi mingi, huku karo ya shule ikidaiwa Januari, hahitaji hotuba ya uzalendo. Anahitaji kulipwa. Magendo ya mwaka 1977 na ya sasa yana mzizi mmoja: kahawa hukimbilia mahali ambapo mwenyewe anathaminiwa zaidi, hata kama ni kwa siku moja.

Thamani hiyo ni kiasi gani? Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuihakiki. Zinahitajika takriban kilo 7 za matunda ili kupata kilo moja ya kahawa safi iliyokobolewa. Ikikaangwa hupungua, ikabaki kama gramu 850. Ukitumia gramu 10 kwa kikombe, utapata vikombe 85. Tuseme mkulima amelipwa shilingi 100 kwa kilo ya matunda. Amepata shilingi 700. Tuseme tena kikombe kimeuzwa shilingi 200 katika mkahawa wa mjini. Mauzo yamefika shilingi 17,000. Sisemi kwamba tofauti hiyo yote ni wizi. Kuna ukobozi, usafiri, ukaangaji, kodi ya nyumba, maziwa na mishahara ya wahudumu. Lakini katika safari yote kutoka shilingi 700 hadi 17,000, anayejulikana kwa jina ndiye anayeweza kudai zaidi, na asiye na jina huchukua anachopewa.

Ndiyo sababu vyama vya ushirika vya eneo hilo vina uzito kuliko ladha ya kikombe. Msomaji atakumbuka kwamba kati ya mwaka 2006 na 2008 Mlima Elgon ulitokwa na damu. Mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha lililojiita Sabaot Land Defence Force, na mwezi Machi 2008 jeshi likaingia katika Operesheni Okoa Maisha. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kuwa zaidi ya watu 600 waliuawa, mbali na maelfu waliokimbia makwao. Wananchi waliteswa na pande zote mbili. Mbuni ni mti wa subira. Ukiachwa misimu miwili bila kupogolewa wala kunyunyiziwa dawa, chulebuni na kutu ya majani huumaliza, na kuurudisha katika hali ya kuzaa huchukua miaka. Mtu hupanda kahawa akiamini kwamba atakuwapo kuichuma. Kwa hiyo kila mche mpya uliopandwa huko baada ya mwaka 2008 ni ushahidi wa imani, na kiwanda cha ushirika ni miongoni mwa mahali ambapo Msabaoti na Mbukusu husimama kwenye foleni moja mbele ya mizani moja.

Yako mambo yaliyobadilika kwa manufaa. Serikali ya Kaunti ya Bungoma imegharimia vinu vya kukobolea kahawa huko Chesikaki na Musese, ili kahawa isilazimike kusafiri mamia ya kilomita ingali na ganda lake. Kahawa ya Chesikaki imekwisha kuuzwa ng'ambo ikiwa na jina hilo hilo kwenye pakiti. Mwaka 2023 serikali kuu nayo ilianza mageuzi yaliyotenganisha leseni ya mkobozi na ile ya dalali, na kuanzisha mfumo wa kulipa mauzo ya mnada moja kwa moja kupitia benki. Kabla ya hapo, mtu mmoja aliweza kukoboa, kuuza, kukopesha na kujikata mwenyewe deni, kama mwamuzi ambaye pia ni mchezaji.

Hata Ulaya, bila ya kukusudia, imetoa msukumo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kila shehena ya kahawa iweze kufuatiliwa mpaka kwenye shamba ilikotoka, ili ithibitike kwamba hakuna msitu uliokatwa kwa ajili yake baada ya mwaka 2020. Utekelezaji wa sheria hiyo umeahirishwa zaidi ya mara moja, na gharama ya kupima mashamba madogo si mzaha. Lakini tazama kinaya kilichopo: soko lililokuwa limeridhika na herufi mbili sasa linataka kujua mahali, shamba kwa shamba. Ikiwa jina la mahali litaandikwa kwa ajili ya forodha, kwa nini lisiandikwe pia kwa ajili ya bei?

Wahabeshi walituonyesha njia. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba kuyasajili nchini Marekani majina ya kahawa zake maarufu, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, yawe mali yake kisheria. Wafanyabiashara wakubwa wa kahawa wa Marekani walipinga. Ubishi uliendelea hadi mwaka 2007, kampuni ya Starbucks ilipotia saini mkataba na serikali ya Ethiopia uliohusu matumizi ya majina hayo. Funzo ni dhahiri. Hakuna anayegombania kitu kisicho na thamani. Kama majina matatu ya vijijini yaliweza kuwashughulisha mawakili wa Addis Ababa na Marekani kwa muda wote huo, basi sisi tunaoacha majina yetu yapotelee kwenye kontena tunapoteza mali tusiyoijua.

Hata hivyo, kuna jina jingine linalopotea kabla kahawa haijashuka mlimani, nalo ni la mwanamke. Katika sehemu nyingi za nchi, mwanamke ndiye apaliliaye, achumaye na abebaye matunda hadi kiwandani, lakini uanachama huandikwa kwa jina la mwenye shamba, na malipo hufuata uanachama. Mfano wa kutia moyo unatoka Kabng'etuny, katika Kaunti ya Kericho, ambako wanachama wa ushirika walikubali kuwahamishia wake zao umiliki wa baadhi ya mibuni, ili wanawake walipwe kwa majina yao wenyewe. Hilo lilikuwa badiliko la mstari mmoja kitabuni, lakini mstari huo ndio unaoamua nani atalipwa na nani ataomba. Chama kinachodai dunia ilitambue jina la mlima wake hakina budi kuanza kwa kuyatambua majina ya wanaobeba vikapu.

Hapa sharti niseme neno la tahadhari. Jina linaweza kuwa pambo. Mtu anaweza kuandika Elgon kwenye pakiti, akaweka picha ya mama anayetabasamu, na asimlipe mama huyo hata senti moja zaidi. Mnunuzi mwenye nia njema aulize maswali matatu: ni chama gani kilichouza kahawa hii, kililipwa kiasi gani, na mwanachama alipata kiasi gani baada ya makato? Muuzaji anayejibu matatu hayo ni mshirika wa wakulima. Anayejibu kwa shairi kuhusu mawio ya jua anauza karatasi.

Maswali hayo hayo yafaa kuulizwa ndani ya vyama vyenyewe. Sheria ya ushirika ya mwaka 1997 iliwapa wanachama uhuru wa kujisimamia, na uhuru huo ulikuja na migawanyiko, mikopo isiyoelezeka na kamati zisizopenda kuulizwa. Na hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Taarifa ya mauzo inayofika kwenye mkutano mkuu wa chama aghalabu huwa ya Kiingereza, imejaa vifupisho, madaraja na makato ambayo msomi mwenyewe huyasoma mara mbili. Mwanachama huinua mkono kupitisha hesabu asizozielewa, kisha hurudi nyumbani akilalamika chini ya mgomba. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kinaitaka serikali iendeleze lugha zetu za kiasili. Sioni mahali ambapo kifungu hicho kinahitajika kuliko kwenye taarifa ya malipo ya mkulima.

Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Mwalimu wa hisabati wa Cheptais anaweza kulifanya gunia la kahawa kuwa somo la uwiano na asilimia. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwaagiza wanafunzi waandike istilahi za kiwandani kwa Kiswahili, Kibukusu na Kisabaoti, kisha orodha hiyo ibandikwe ukutani karibu na mizani. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni anaweza kumsomea babu yake taarifa ya chama, mstari kwa mstari, mpaka afike kwenye lile kato ambalo hakuna aliyewahi kulieleza. Babu akishalielewa, mkutano mkuu ujao hautafanana na uliotangulia.

Nasi tulio mbali na mlima tuna wajibu wetu. Wakenya hunywa sehemu ndogo sana ya kahawa wanayoivuna, na shule nyingi zilizo kando ya mashamba ya kahawa hazijawahi kuonja kilichowalipia karo wanafunzi wake. Tununue kahawa inayotaja kijiji chake. Tukiingia mkahawani, tuulize imetoka kwa chama gani, na tusione haya mhudumu asipojua, maana akiulizwa mara kumi atamuuliza mwajiri wake. Vyama vya Elgon navyo visajili majina yao sasa kama alama za biashara, kabla mtu wa mbali hajatangaza kwamba ameyagundua.